Irving Bailey: Aliyesoma historia ya mimea ndani ya mbao

Na Mwandishi Wetu

FUNDI seremala mwenye uzoefu hahitaji kutazama mara mbili ili kuutofautisha ubao wa mvule na ule wa msonobari. Ukilikata gogo la mvule kwa msumeno mkali na kulitazama upande wa kichwa, utaona vitundu vingi vidogo, mfano wa vilivyotobolewa kwa sindano. Ukilikata gogo la msonobari, vitundu vya namna hiyo huvioni.

Kwa fundi, tofauti hiyo inahusu namna ubao unavyopokea randa na vanishi. Kwa Profesa Irving Widmer Bailey wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, vitundu hivyo vilikuwa kumbukumbu ya mambo yaliyotokea zaidi ya miaka milioni mia moja iliyopita, mimea itoayo maua ilipoanza kuenea duniani.

Bailey aliishi kati ya mwaka 1884 na 1967. Hakugundua dawa wala hakuvumbua mashine, lakini miongoni mwa wataalamu wa elimu ya mimea ni vigumu hadi leo kuzungumzia muundo wa ndani wa shina bila kulitaja jina lake.

Maisha yake yanastahili kukumbukwa kwa sababu mbili. Kwanza, alionyesha kuwa kipande cha mti kisichozidi ukucha kinaweza kukata mashauri ambayo wanazuoni walikuwa wakibishana kwa kutazama maua peke yake. Pili, sayansi ya vinasaba ilikuja kuyapima mafundisho yake baada ya kifo chake, ikayathibitisha mengine na kuyarekebisha mengine.

Utoto chini ya volkano

Bailey alizaliwa katika mji mdogo wa Tilton, jimbo la New Hampshire. Baba yake, Solon Irving Bailey, alikuwa mwanafalaki wa Harvard, na mwaka 1889 alitumwa Peru kutafuta mahali pa kujenga kituo cha kutazamia nyota za anga la kusini.

Hatimaye kituo hicho kilijengwa Arequipa, mji ulio chini ya volkano ya El Misti yenye kimo cha zaidi ya mita 5,800. Mwaka 1893 mzee Bailey aliweka pia kituo cha kupimia hali ya hewa juu ya kilele cha mlima huo. Katika siku zake, kituo hicho kilikuwa cha juu kuliko vyote duniani.

Irving alitumia sehemu kubwa ya utoto wake katika nchi hiyo ya milima na jangwa, akilelewa na mtu aliyezoea kuhesabu nyota moja moja katika picha za anga bila kuchoka. Miaka mingi baadaye, mwana naye alikuja kuhesabu na kupima, ila badala ya nyota zilikuwa seli zisizoonekana kwa macho matupu.

Aliporudi Marekani alisoma Harvard, akapata shahada yake ya kwanza mwaka 1907 na ya uzamili katika elimu ya misitu mwaka 1909. Mwalimu aliyemwingiza katika uchunguzi wa ubao kwa hadubini alikuwa Edward Charles Jeffrey, mtaalamu mashuhuri wa muundo wa mimea yenye shina gumu. Bailey alibaki chuoni hapo kama mwalimu, na Harvard ikawa makao yake ya kazi kwa maisha yake yote.

Wino mweusi na mataruma ya reli

Kazi zake za mwanzo zilihusu mambo ya biashara. Mashirika ya reli yalikuwa yakipata hasara kwa sababu mataruma na nguzo za mbao zilioza upesi. Njia ya kuzilinda ilikuwa kuzishindilia mafuta ya kreosoti kwa nguvu ya mgandamizo, lakini mbao nyingine ziliyapokea mafuta hayo vizuri na nyingine ziliyakataa. Hakuna aliyekuwa na maelezo ya kuridhisha.

Bailey aliitafuta sababu ndani ya seli zenyewe. Ubao wa msonobari na jamii zake umejengwa kwa seli nyembamba na ndefu zinazoitwa trakeidi. Kila seli imefungwa ncha zote mbili, na maji hupita kutoka moja kwenda nyingine kupitia vishimo vilivyo ubavuni, ambavyo kila kimoja kina utando.

Wengi walidhani utando huo hauna tundu lolote. Mwaka 1913 Bailey alitoa matokeo ya jaribio rahisi: alipitisha ndani ya ubao maji yaliyochanganywa na chembe laini mno za kaboni, kama zile za wino mweusi. Chembe hizo zilivuka kutoka seli hadi seli. Kwa kuwa kaboni haiyeyuki, ilimaanisha kwamba utando una matundu madogo kabisa.

Jaribio hilo lilikuwa na manufaa kwa wenye reli, lakini kwa Bailey lilifungua swali kubwa zaidi. Ikiwa mti kama msonobari husafirisha maji kwa kuyapitisha katika vishimo hivyo vyembamba, je, ilikuwaje miti itoayo maua ikapata mirija mipana iliyo wazi, ile tunayoiona kama vitundu kwenye kichwa cha gogo?

Fumbo la karne

Kuelewa uzito wa swali hilo, ni lazima kukumbuka hali ya elimu ya mimea wakati ule. Mimea itoayo maua ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya dunia: nafaka, maharagwe, matunda, pamba na miti mingi ya mbao ngumu. Lakini chanzo chake kilikuwa kitendawili. Charles Darwin mwenyewe alitatizwa na jinsi mimea hiyo ilivyoonekana kuzuka kwa ghafla katika tabaka za miamba ya kale bila mababu wanaojulikana.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na kambi mbili. Kambi moja, iliyofuata mafundisho ya wataalamu wa Ulaya ya kati, iliona kwamba mimea ya mwanzo ilikuwa na maua madogo yasiyo na petali, kama yale ya mwaloni au ya mvinje tunaouona pwani. Baadhi yao, akiwamo Richard Wettstein wa Vienna, waliihusisha mimea hiyo na kundi la ajabu la gnetofiti, ambalo halitoi maua ya kweli lakini ubao wake una mirija.

Kambi ya pili iliona kwamba maua ya mwanzo yalikuwa makubwa zaidi na yenye sehemu nyingi zilizo huru, mfano wa maua ya magnolia. Kila upande ulianza kwa kuchagua ua uliloliona kuwa la kale, kisha ukapanga mimea mingine nyuma yake. Ubishi wa namna hiyo hauna mwisho, kwa kuwa hitimisho limekwisha kuwekwa katika mwanzo.

Seli ndefu, seli fupi

Mwaka 1918, wakati Marekani ikiwa vitani, Bailey aliitwa kusaidia uchunguzi wa mbao za kuundia ndege, kwani ndege za wakati ule zilijengwa kwa mbao na vitambaa. Mwaka huo huo yeye na mwenzake, Walter Tupper, walichapisha vipimo vya urefu wa seli za kupitisha maji katika mimea ya makundi mbalimbali, kuanzia jamaa za mikangaga hadi miti itoayo maua.

Picha iliyotokea ilikuwa dhahiri. Katika makundi ya kale yanayojulikana kwa visukuku, seli hizo ni ndefu. Trakeidi ya msonobari yaweza kufikia milimita 3 au zaidi. Katika miti mingi itoayo maua, kipande kimoja cha mrija hakifiki hata nusu milimita. Kati ya ncha hizo mbili kulikuwa na miti ya kila daraja.

Bailey na wanafunzi wake waliendelea kuufuata uzi huo kwa miaka mingi. Waliona kuwa penye seli ndefu na nyembamba za mrija, ncha zake hukatwa kwa mshazari, na mahali pa kupitia maji pana vijiti vingi vilivyopangwa kama vipago vya ngazi. Kadiri seli inavyokuwa fupi na pana, vipago hivyo hupungua, hadi panabaki tundu moja la mviringo lisilo na kizuizi. Seli fupi za aina hiyo zikipangwa moja juu ya nyingine, hufanya bomba.

Hapo ndipo ulipo ubora wa njia yake. Bailey hakuanza kwa kuamua ni jamii gani ya mimea iliyo ya kale. Alikichukua kiungo kimoja tu, akakipima katika maelfu ya vipande, akaonyesha kimebadilika kuelekea upande gani. Baada ya hapo ndipo alipouliza kila jamii ya mimea imesimama wapi katika safari hiyo.

Alisisitiza vilevile kwamba mti waweza kuwa na ubao wa kale na ua lililobadilika sana, au kinyume chake. Kwa hiyo hakuna mmea ulio hai unaostahili kuitwa babu wa mingine.

Aliichunguza pia kambiamu, tabaka jembamba lililo kati ya gome na ubao ambalo ndilo hunenepesha shina. Huko alikuta seli zilizo ndefu mara nyingi kuliko upana wake, nazo hugawanyika kwa urefu. Mwaka 1919 alieleza jinsi ukuta mpya unavyoanzia katikati ya seli na kusonga polepole kuelekea ncha zote mbili, safari ndefu mno kwa kipimo cha seli.

Pamoja na Edmund Sinnott, Bailey aligundua jambo jingine ambalo bado linatumika. Mwaka 1915 walionyesha kwamba katika nchi za joto za nyanda za chini, miti mingi ina majani yenye kingo laini, ilhali katika nchi za baridi kiasi majani mengi yana kingo zenye meno. Wachunguzi wa visukuku hutumia kanuni hiyo kukadiria joto la zama zilizopita.

Sisimizi kutoka Kongo

Taasisi ya Bussey, kitengo cha Harvard alikofanyia kazi, ilikuwa pia makao ya William Morton Wheeler, bingwa wa elimu ya sisimizi. Urafiki wa wawili hao ulimtoa Bailey katika mbao na kumpeleka kwenye uhusiano wa ajabu kati ya mimea na wadudu.

Katika misitu ya nchi za joto kuna miti ambayo mashina au matawi yake yana uwazi ndani, na humo sisimizi hufanya makazi. Katika misitu ya Kongo mfano mmoja ni mti wa Barteria, ambao sisimizi wake wanaogopwa kwa uchungu wa miiba yao.

Kati ya mwaka 1909 na 1915, msafara wa Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la New York ulizunguka kaskazini mashariki mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Kongo ya Ubelgiji, ukiongozwa na Herbert Lang na James Chapin. Wheeler alipoandika kitabu kikubwa kuhusu sisimizi wa Kongo, kilichotoka mwaka 1922, Bailey ndiye aliyeandika sehemu inayoeleza muundo wa ndani wa mashina ya mimea inayowahifadhi.

Hakutegemea vielelezo vya kuletewa tu. Mwaka 1920 alisafiri na Wheeler hadi Guyana, wakati huo koloni la Uingereza, na kuchunguza miti ya namna hiyo ikiwa hai. Suala lilikuwa lile lile la siku zote: je, shina lilipata uwazi huo kwa ajili ya sisimizi, au sisimizi waliukuta na kuutumia? Bailey alitaka jibu litolewe na tishu zenyewe, si na uzuri wa hadithi.

Mirija iliyozuka zaidi ya mara moja

Mwaka 1944 Bailey aliyakusanya matokeo ya miongo mitatu katika makala kuhusu asili ya mirija ya maji. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mirija haikuzuka mara moja tu katika historia ya mimea.

Katika mimea ya kundi la nyasi, migomba na minazi, mirija huonekana kwanza mizizini, kisha katika mashina na majani. Katika miti mingine itoayo maua, huanzia kwenye ubao unaotengenezwa na kambiamu. Njia mbili tofauti, alisema, huonyesha mianzo miwili tofauti.

Kuhusu gnetofiti, alijenga juu ya kazi ya mwaka 1918 ya W. P. Thompson wa Kanada. Mirija ya kundi hilo hutokana na vishimo vya mviringo vilivyopanuka, ilhali ile ya mimea itoayo maua hutokana na vishimo virefu vilivyopangwa kama ngazi. Vitu viwili vilivyofanana mwishoni vilikuwa vimefika hapo kwa njia mbalimbali. Kwa hiyo mrija haukuweza kutumika kama ushahidi kwamba gnetofiti ndio wazazi wa mimea itoayo maua.

Hoja hiyo ilikuwa pigo kwa kambi ya Wettstein. Ubao haukusema babu wa maua ni nani, lakini ulisema ni nani ambaye hakuwa. Miongo kadhaa baadaye, uchunguzi wa vinasaba uliwaweka gnetofiti karibu na jamii ya msonobari na mbali na mimea itoayo maua.

Kichaka cha Kaledonia Mpya

Ikiwa mirija ilizuka hatua kwa hatua, ilipasa kuwepo mimea itoayo maua ambayo haijawahi kuwa nayo. Bailey aliitafuta mimea hiyo kwa bidii, hasa katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki, akitumia vielelezo vilivyokaushwa na kuhifadhiwa.

Mwaka 1942 yeye na Albert C. Smith waliitambulisha jamii mpya ya mimea kutoka Fiji, wakaipa jina la Degeneria kwa heshima ya mkusanyaji mimea Otto Degener. Mti huo una mirija, lakini karpeli yake, yaani nyumba ya mbegu ndani ya ua, haijafungwa sawasawa. Ni kama jani lililokunjwa ambalo kingo zake hazijashikana. Pamoja na Charlotte Nast aliichunguza pia jamii ya Winteraceae, ambayo haina mirija kabisa.

Kisha akaja Harvard kijana kutoka India, B. G. L. Swamy, ambaye baadaye alipata umaarufu nchini kwake pia kama mwandishi wa lugha ya Kikannada. Mwaka 1948 Bailey na Swamy walichapisha uchunguzi wa kichaka kinachoota katika kisiwa cha Kaledonia Mpya peke yake, Amborella trichopoda. Walikiona kuwa hakina mirija, tena muundo wake haukufanana na ule wa mimea mingine isiyo na mirija iliyojulikana.

Kwa wengi, hiyo ilikuwa taarifa ya kitaalamu kuhusu kichaka cha mbali. Lakini mwaka 1999, Bailey akiwa amekwisha kufariki miaka 32, makundi kadhaa ya watafiti yaliyolinganisha vinasaba yalifikia matokeo yanayokubaliana: Amborella ni tawi lililojitenga mapema kuliko matawi mengine yote ya mimea itoayo maua iliyo hai. Mwaka 2013 ramani kamili ya vinasaba vyake ilichapishwa, kwa sababu ya nafasi hiyo ya pekee.

Mpango uliozua kesi

Jambo lililolitoa jina la Bailey nje ya maabara halikuwa la kisayansi. Mwaka 1945 aliandaa ripoti juu ya namna Harvard ingeweza kuziunganisha taasisi zake nyingi za mimea, ambazo zilikuwa zimetawanyika na kila moja ikiwa na fedha na desturi zake. Ripoti hiyo ilijulikana kama Mpango wa Bailey.

Moja ya mapendekezo ilikuwa kuhamisha sehemu kubwa ya vitabu na mimea iliyokaushwa kutoka Arnold Arboretum, bustani ya miti iliyoko Boston, kwenda katika jengo moja mjini Cambridge. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1954. Marafiki wa bustani walipinga vikali, wakidai kuwa fedha zilizoachwa wakfu kwa ajili ya bustani zilikuwa zikitumiwa kinyume cha nia ya waliozitoa.

Mgogoro huo ulifika mahakamani na kuvunja urafiki wa watu waliofanya kazi pamoja kwa miaka mingi. Mwaka 1966 mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts iliamua kwa upande wa chuo. Bailey alifariki mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 82.

Ni tukio linaloonyesha kwamba hata elimu iliyo tulivu kiasi hicho ina uchungu wake. Kwa Bailey, vielelezo vilikuwa na maana pale tu vilipoweza kulinganishwa mahali pamoja. Kwa wapinzani wake, bustani iliyonyang'anywa vitabu na vielelezo vyake ilikuwa imepoteza nusu ya uhai. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito.

Alipovuka mpaka

Je, Bailey hakukosea? Alikosea, na kosa lake lina mafunzo. Yeye na wafuasi wake waliamini kwamba safari ya kutoka trakeidi kwenda kwenye mrija haina marejeo: mti ukishapata mirija, hauwezi kuipoteza. Kwa hiyo kila mti itoayo maua isiyo na mirija ilihesabiwa kuwa imebaki katika hali ya kale.

Kuanzia miaka ya 1970, Sherwin Carlquist wa California alisisitiza kwamba ubao ni chombo cha kazi na hubadilika kulingana na mazingira. Mrija mpana hupitisha maji mengi, lakini katika ukame au baridi ya barafu hewa huweza kuingia na kuuziba. Trakeidi nyembamba ni za polepole, ila zina usalama zaidi.

Vinasaba navyo vilileta habari isiyotarajiwa kuhusu Winteraceae. Jamaa zake wa karibu kabisa ni Canellaceae, jamii yenye mirija. Miongoni mwao umo Warburgia, mti unaoota Kenya, Uganda na Tanzania, ambao gome lake lenye ukali wa pilipili hutumika kama dawa ya asili. Kwa kuwa Winteraceae wamezungukwa na ndugu wenye mirija, wataalamu wengi sasa huona kuwa mababu zao waliipoteza.

Hivyo dhahabu ya ushahidi wa Bailey ilikuwa na takataka ndani yake. Alipoisoma njia ya jumla, kutoka seli ndefu hadi seli fupi, alisoma kwa usahihi. Alipoigeuza njia hiyo kuwa sheria isiyovunjika, miti yenyewe ilimkanusha.

Hata hivyo, yeye mwenyewe alikuwa ameacha mlango wazi. Katika makala ya mwaka 1957 alieleza uwezo wa elimu ya ubao na pia mipaka yake, akionya kwamba haiwezi kusimama peke yake bila ushahidi wa maua, chavua, mbegu na viungo vingine. Si kila bingwa huandika mipaka ya fani iliyompa jina.

Dungusi la mwisho

Uzee haukumtoa katika hadubini. Katika miaka yake ya mwisho alijishughulisha na jamii ya dungusi, hasa Pereskia, ambayo bado ina majani ya kawaida na shina la mti. Alitaka kujua jinsi mimea ya jangwa yenye mashina manene ilivyotokana na miti ya kawaida, na aliandika mfululizo wa makala juu ya suala hilo hadi karibu na kifo chake. Mtoto aliyekulia katika ukame wa Arequipa alikuwa amerudi kwenye mimea ya ukame.

Mkusanyo wa vipande vya mbao uliohifadhiwa Harvard unaitwa kwa jina lake na la mwenzake, Ralph Wetmore. Ndani yake mna vipande vya miti kutoka pande nyingi za dunia, vingine kutoka misitu ambayo imekwisha kukatwa. Kila kimoja kinaweza kuchukuliwa tena, kukatwa tabaka jembamba na kuulizwa swali jipya.

Kwa msomaji anayepita karibu na karakana ya seremala, vitundu vilivyo kwenye kichwa cha gogo ni kitu cha kawaida. Bailey alivichukua kwa uzito, akavipima kwa miaka zaidi ya hamsini, na kwa vipimo hivyo akaondoa njia moja ya uongo katika historia ya maua. Waliomsahihisha walitumia silaha ile ile aliyowafundisha: usiuchague ukweli kabla ya kupima.